Kisu Kikubwa na Burashi Ndogo

Jumatatu, 18 Machi 1974

Mvua ya njahi, masika yetu, imefika Nyeri leo saa nane mchana, na mimi nimeanza kuandika. Nisipoandika, nitamwambia Matroni neno ambalo halitarudi mdomoni.

Naitwa Wakonyo. Huu ni mwaka wangu wa tisa nikiwa nesi wa chumba cha kufunga vidonda. Chumba kina dirisha moja, vitanda viwili, sinki na jiko la stima la kuchemshia vyombo. Daktari Gicheru, mpasuaji wetu mkuu, hajawahi kuingia humu. Kazi yake inaishia mlangoni mwa chumba cha upasuaji, na yangu inaanzia hapo.

Leo nimemfunga Mwalimu Ngatia kidonda kwa mara ya themanini na tatu. Anafundisha darasa la sita kule Ruring'u. Ugonjwa wake hauui, lakini unaaibisha. Nywele zinajichimbia ndani ya ngozi pale juu ambapo matako yanaanza kugawanyika, zinaacha vitundu vidogo kama vya sindano, na chini yake zinakaa kifundo kizima kwenye usaha. Jina lake la kitabuni maana yake ni kiota cha nywele. Daktari Gicheru anautibu kwa njia moja tu: anakata nyama yote mpaka karibu na mfupa, na shimo analiacha wazi ili lijijaze lenyewe kutoka chini.

Anakata kwa dakika arobaini. Mwalimu alikatwa wiki mbili kabla ya Krismasi.

"Sista, imebaki kina gani?" aliuliza, uso ukiwa kwenye mto.

Nikamwambia ukweli. Kidole changu cha kati bado kinazama mpaka kiungo cha kwanza.

"Miezi mitatu nafundisha nimesimama," alisema. "Madaftari nasahihisha nikiwa nimelala kifudifudi. Ijumaa mtoto mmoja amenichora ubaoni. Picha nzuri, hata nilishindwa kumchapa."

Alicheka. Mimi sikucheka.

Jumanne, 19 Machi

Mvua. Vidonda kumi na tisa. Shashi zimekwisha saa nne.

Ijumaa, 22 Machi

Kioko anaumwa na anaficha.

Kioko ni dereva wa ambulansi yetu, Mkamba wa Machakos, mtu mrefu mwenye maneno machache. Wakati wa njahi, barabara za milimani zikigeuka uji, ni yeye peke yake anayejua mahali pa kupita na mahali ambapo gari litalala hadi Juni. Wiki hii nimemwona akiendesha ameinua upande mmoja wa mwili, kama mtu aliyekalia yai. Leo nilimsimamisha uani.

"Kioko, geuka."

"Sista, mimi niko sawa."

"Suruali yako ina alama nyuma. Si matope hiyo."

Alitazama huku na huku, kisha akaingia chumbani kwangu kama mwizi. Vitundu vitatu, na uvimbe upande wa kushoto. Nikamwuliza tangu lini.

"Tangu mwaka jana. Inakuja, inatoka usaha, inapotea." Alikuwa akifunga mshipi kwa haraka. "Lakini Sista, usiandike mahali. Mwalimu Ngatia mimi ndio nilimrudisha nyumbani siku ile. Nilimwona vile alikuwa analia kwa gari. Mimi sikatwi hivyo. Na nikilala miezi tatu, nani ataleta akina mama kutoka huko juu?"

Sikuandika kwenye kadi. Ninaandika hapa.

Jumatano, 27 Machi

Daraja dogo la upande wa Kiganjo limefunikwa na maji. Kioko alipita. Sijui vipi.

Jumamosi, 30 Machi

Leo nimefanya jambo ambalo hakuna aliyenituma. Nimetoa kadi za miaka miwili kabatini, nikazitafuta zote za ugonjwa huu. Wagonjwa kumi na mmoja, bila kumhesabu Mwalimu Ngatia ambaye bado hajapona, wote walikatwa kwa njia ile ile, wote walipita mikononi mwangu. Aliyepona haraka zaidi alichukua wiki saba. Aliyechelewa, ishirini na sita. Watatu walipona kabisa, wakashona suruali mpya, na kabla ya mwaka kuisha wakarudi na tundu jingine kwenye kovu.

Daktari Gicheru anawahesabu hao wote kuwa wamepona, kwa sababu hutoka kwake wakiwa hai na safi. Simlaumu kwa hesabu yake. Ninachosema ni kwamba haijakamilika.

Daktari Oloo alinikuta nimezitandaza kadi mezani. Ni kijana wa Siaya, amekuja kwetu Januari moja kwa moja kutoka chuo kikuu, viatu vyake vinang'aa hata siku za matope. Mpaka leo nilimwona kama mtu wa kuitikia "ndiyo Daktari" na kupanga kalamu mfukoni. Alizisoma kadi zote akiwa amesimama. Akaondoka bila neno, akarudi na jarida la madaktari wa Uingereza, la miaka kadhaa iliyopita.

"Soma hapa, Sista."

Nilisoma polepole. Wapo wanaotibu ugonjwa huu bila kuchimba shimo. Kila kitundu kinatolewa peke yake, kipande kama punje ya mchele. Nywele zinavutwa, na njia ya chini kwa chini inasuguliwa kwa burashi ndogo ya nailoni. Ganzi ya sindano tu. Mgonjwa anarudi nyumbani akitembea, na kila wiki ananyolewa mahali pale mpaka apone, ili nywele mpya zisiingie.

"Daktari Gicheru amesoma hii?" nikauliza.

"Jarida ni lake," alisema Oloo. "Nilimwuliza Februari. Alisema hiyo ni kazi ya kinyozi."

"Na wewe ukasema nini?"

Alitazama viatu vyake. "Nilisema ndiyo Daktari."

Alhamisi, 4 Aprili

Nitaandika yote.

Asubuhi ilikuja habari kwamba mama mmoja yuko kwenye uchungu tangu juzi, juu kabisa, karibu na msitu, mtoto amekaa vibaya. Kioko alikuwa na homa. Nilimshika mkono, ulikuwa moto. Nikamwambia asiende. Akaniuliza nani mwingine ataenda. Nikapanda naye.

Sijawahi kuona mtu akiendesha gari hivyo. Hakukaa. Alisimama nusu, mgongo ukiegemea kiti, magoti yamekunjwa, na kila gurudumu lilipozama alitoa sauti ndogo puani. Mara mbili tulishuka kuweka matawi chini ya magurudumu. Mvua ilinyesha mpaka hatukuona bonde. Tulimchukua yule mama pamoja na mama mkwe wake, ambaye aliomba kwa sauti njia nzima, na mahali pa kuteremka aliacha kuomba akamshika Kioko bega akamwambia, "Mwanangu, pole pole." Kioko akajibu, "Ndiyo mama," kama mtoto wa hapo.

Tulifika saa tisa. Mama alipelekwa moja kwa moja kufanyiwa upasuaji, na nitasema haki: ni Daktari Gicheru aliyemtoa mtoto, na aliyaokoa maisha ya wote wawili kwa mikono ambayo sijaona mingine kama hiyo. Mtoto ni msichana.

Kioko alizima injini, akafungua mlango, akaanguka uani kifudifudi. Jipu lilikuwa limepasuka ndani ya suruali. Daktari Oloo alikuja mbio kwenye mvua na viatu vyake. Akampasua kidogo pembeni, si katikati, usaha ukatoka wa kujaza bakuli, na ndani yake kulikuwa na kifundo cha nywele kama kile kinachoziba bomba la sinki.

Ijumaa, 5 Aprili

Homa imeshuka. Daktari Gicheru alipita wodini, akatazama, akaandika kwenye kadi: kukatwa kote, tarehe 23. Hakumwuliza Kioko chochote. Kioko alinitazama mimi.

Jumapili, 14 Aprili

Pasaka. Mvua imenyesha mpaka ndani ya kanisa. Mhubiri alisema juu ya utii. Nilihesabu vioo vya dirisha.

Jumatatu, 22 Aprili

Mwalimu Ngatia, mara ya mia na kumi na moja. Kidonda kimekwama. Leo nilikiangalia kwa taa ya mkono, nikaona kitu ambacho nimekiona mara nyingi bila kukifikiria: nywele fupi tatu zimelala chini ya shimo, zimetoka ukingoni. Tunalisha kidonda kile kile tulichokata. Hakuna aliyewahi kutuamuru kunyoa pembeni baada ya upasuaji. Na mimi, miaka tisa, sikuwahi kuuliza. Hilo ni langu, siwezi kumpa Daktari Gicheru alibebe.

Nikachukua wembe mpya.

"Sista, hiyo imeandikwa na daktari?" akauliza Mwalimu.

"Hapana. Ni mimi. Ukikataa sitafanya."

"Nyoa," akasema. "Nimefundisha watoto miaka kumi na nne. Mtu akisema 'ni mimi,' huyo namwamini."

Jumanne, 23 Aprili

Siku ya Kioko kukatwa. Hakukatwa.

Walimleta mlangoni mwa chumba cha upasuaji saa mbili, amevaa gauni la kijani, na Matroni akampa fomu ya kukubali. Nilikuwa hapo kwa sababu nilikuwa nimepeleka vyombo. Kioko alishika kalamu, akasoma fomu yote, hata yale maandishi madogo ya chini, kisha akairudisha.

"Mimi siweki sahihi," alisema.

Daktari Gicheru alitoka akiwa ameshaosha mikono, ameinyanyua mbele ya kifua. "Kuna nini?"

"Daktari, mimi nakuheshimu. Ile siku uliokoa yule mama, na mimi ndio nilimleta. Lakini hii mwili ni yangu. Nataka ile ndogo. Ile ya burashi."

Matroni alinitazama mimi mara moja. Daktari Gicheru hakunitazama. Alimtazama Kioko, na sauti yake haikupanda.

"Nani amekuambia habari ya burashi?"

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe ni nesi."

"Ndiyo, Daktari. Wewe unakata dakika arobaini. Mimi nafunga miezi mitatu. Nimewahesabu. Ni kumi na mmoja, na watatu walirudi. Nina kadi zao. Nakuomba uzione."

"Nakuomba urudi chumbani kwako."

"Nitarudi. Kadi zitakuwa mezani."

Miguu yangu haikutaka kuondoka, basi nikaiacha hapo. Daktari Gicheru akamwambia Kioko kwamba hospitali si hoteli ya kuchagua chakula. Asipokubali matibabu, avae nguo zake aende. Kioko akaanza kufungua kamba za gauni, hapo hapo, mbele ya watu wote. Angetoka uchi, nina hakika.

Ndipo sauti ikatoka nyuma yetu, nyembamba, ya mtu aliyemeza mate kwanza.

"Nitaifanya mimi, Daktari. Ukiniruhusu." Ilikuwa ya Oloo. Kisha akaongeza, "Na usiponiruhusu, nitaomba uniandikie sababu."

Daktari Gicheru alishusha mikono. Sijawahi kumwona akishusha mikono iliyooshwa.

"Fanya," alisema. "Ikirudi, jina litakaloandikwa ni lako. Na la huyu." Aliashiria kwangu kwa kidevu.

"Andika kwa wino," nikasema. Sijui nilitoa wapi hiyo. Lakini sijutii.

Alhamisi, 25 Aprili

Burashi ilikuwa shida. Ya chupa za watoto ni kubwa mno. Mwishowe tumepata maabara: ile ya kusafishia mirija myembamba ya kioo. Tulipewa mpya, nikaichemsha mara mbili.

Oloo alitoa vitundu vitatu, kila kimoja punje ya mchele kweli. Akavuta nywele kwa kibano, kisha burashi ikaingia kwenye ile njia na kutoka, kuingia na kutoka, mpaka ikatoka na damu safi bila unywele. Kioko alikuwa macho muda wote. Aliniuliza habari za barabara ya juu. Dakika ishirini na tano. Kidonda kikubwa kuliko vyote kingefunikwa na shilingi.

Oloo alipotoka nje alitapika nyuma ya tangi la maji. Nilimpelekea chai. Nimemkosea yule kijana kwa miezi mitatu kwa sababu ya viatu.

Jumatatu, 6 Mei

Siku ya kumi na moja. Kioko ameendesha mpaka Kiganjo na kurudi, amekaa.

Alhamisi, 9 Mei

Habari zinatembea. Amekuja Benter, mke wa polisi wa Kiganjo, mwenyewe ni karani wa kupiga chapa. Ameuficha ugonjwa wake kwa miaka miwili, hata mumewe alidhani ni hedhi isiyoisha. Alilia kabla sijamgusa. "Sista, nilifikiri ni laana. Nilifikiri ni mimi peke yangu." Nikamwambia hapana, ni unywele. Unywele tu, na kukaa kitini kutwa. Alinitazama kama nimemfungulia mlango wa jela.

Oloo alimfanyia saa nne. Na wa tatu anakuja Jumatatu, mzee Kingori wa trekta. Wa nne ni Jumatano.

Ijumaa, 17 Mei

Kidonda cha Kioko kimefunga kabisa. Siku ishirini na mbili. Nilipitisha kidole juu yake mara tatu. Ngozi.

Mwalimu Ngatia: namnyoa kila Jumatatu. Kidole changu hakizami tena.

Jumamosi, 1 Juni

Sikukuu ya Madaraka. Bendi imecheza uwanjani Ruring'u kwenye tope. Sikwenda. Vidonda havina sikukuu.

Jumatatu, 10 Juni

Ya Benter imerudi.

Kidonda chake kilikuwa kimefunga siku ya kumi na sita, nikaiandika kwa fahari. Leo amekuja na tundu jipya chini kidogo ya lile la zamani, maji yanatoka. Hakunyolewa wiki mbili. Mama mkwe alifika kutoka nyumbani kwao, nyumba ni ya chumba kimoja, na hakuweza kueleza anakokwenda kila Alhamisi. Yote hayo ni kweli, na hayabadilishi neno. Imerudi.

Ningeweza kutoandika. Nilifikiri hivyo kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Kisha nikaandika kwenye kadi, kubwa: IMERUDI, nikaipeleka mwenyewe mezani kwa Daktari Gicheru. Sitaki aambiwe na mtu mwingine, na sitaki niwe yule anayehesabu wa upande mmoja tu.

Aliisoma. Nilingoja anicheke. Badala yake akaniambia nikae. Miaka tisa, ndiyo mara ya kwanza.

"Mwaka sitini na moja," alisema, "sikuwa hapa. Nilikuwa chini ya Mzungu mmoja, nisimtaje. Alinipa mgonjwa wa kwanza wa ugonjwa huu. Karani wa stesheni, umri wangu mimi. Nilimwonea huruma, nikakata kidogo. Nikaacha kitu ndani. Ikarudi, nikakata kidogo tena. Mara ya tatu usaha uliingia kwenye damu. Alikufa siku ya Jumapili." Alikuwa akiipanga kadi ya Benter sawasawa na ukingo wa meza. "Yule Mzungu alisema mbele ya wauguzi wote: Mwafrika hawezi kumaliza anachoanza. Tangu siku hiyo, Sista, mimi namaliza."

Nilimwona kijana wa miaka ishirini na kitu, amesimama mbele ya wauguzi. Kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba kisu kile hakikuwa kiburi, au hakikuanza kuwa kiburi.

Lakini kuelewa si kukubali.

"Pole, Daktari," nikasema. "Pole kweli. Lakini yule Mzungu ameondoka, na bado anawakata watu wetu kwa mkono wako."

Alinyanyua uso. Nilidhani atanipiga.

"Toka," alisema.

Nikatoka. Mchana Oloo alimrudia Benter. Kitundu kimoja, burashi, dakika kumi. Alitembea mpaka kituo cha basi akijikinga na gazeti.

Alhamisi, 13 Juni

Barua. Matroni aliniletea mwenyewe, na macho yake yalikuwa mekundu, jambo ambalo sikulitarajia kwa mwanamke yule. Ninatakiwa kuweka sahihi chini ya maneno haya: kwamba nilivuka mipaka ya kazi yangu, nikamchochea mgonjwa dhidi ya daktari, na ninajuta. Nikiweka sahihi, ninabaki. Nisipoweka, ninahamishiwa zahanati moja upande wa Kangari, kwenye mashamba ya chai, kuanzia Julai.

"Weka tu sahihi, Wakonyo," alisema Matroni. "Mimi nimeweka nyingi. Ni wino tu."

"Uliweka kwa nini?"

Alifikiri. "Hata sikumbuki tena," alisema, na hilo ndilo lililonitisha.

Ijumaa, 14 Juni

Nimeijibu. Chini ya maneno yao nimeandika, kwa mwandiko wangu mzuri:

"Njia ya kukata kote: wagonjwa kumi na mmoja. Wiki saba hadi ishirini na sita. Watatu walirudi. Njia ya burashi: wagonjwa wanne. Siku kumi na sita hadi ishirini na tisa. Mmoja alirudi, akafanyiwa tena. Wanne ni wachache, na hospitali isinisadiki mpaka wawe arobaini. Ninajuta kwamba sikuanza kuhesabu miaka tisa iliyopita."

Hapo ndipo nilipoweka sahihi.

Jumatatu, 17 Juni

Kioko amesikia. Alikuja na kofia mkononi. "Sista, niende niongee nao? Mimi niliwakataza kunikata, naweza kuwakataza hii pia."

Nikamwambia asithubutu. Hospitali ikikosa nesi mmoja itapata mwingine. Ikikosa yeye kwenye mvua, kuna mama atakayefia njiani. Akavaa kofia, akanipigia saluti ya polisi. Hajawahi kuwa polisi.

Jumatano, 26 Juni

Mvua imekatika. Mlima umeonekana asubuhi yote.

Kidonda cha Mwalimu Ngatia kimefunga. Wiki ishirini na nane jumla. Tisa tangu wembe wa kwanza. Alivaa suruali, akakaa kwenye kiti changu, akakaa, akakaa, hataki kuinuka, mpaka mgonjwa aliyefuata akagonga mlango.

Daktari Gicheru alinikuta kwenye ukumbi mrefu. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa hapo.

"Nasikia Mwalimu amepona."

"Ndiyo, Daktari."

"Kwa wembe."

"Kwa wembe."

Alitazama nje dirishani. "Kuna mgonjwa kesho. Wa ugonjwa huo. Nimempa Oloo." Kisha, kwa haraka, kama anayemeza kidonge: "Barua yako ya uhamisho sitaibadilisha. Ulisema mbele yangu neno ambalo mtu hasamehi upesi. Usije kunishukuru kwa hilo la Oloo."

"Sikuwa na nia ya kukushukuru," nikasema. "Ni haki ya mgonjwa."

Tukaachana hivyo, kila mtu na njia yake. Nilifika mwisho wa ukumbi ndipo nikagundua natabasamu.

Jumatatu, 1 Julai

Kangari. Ukungu na chai, kilima juu ya kilima, kijani mpaka macho yanauma. Baridi ya kuingia kwenye meno.

Zahanati ni vyumba vitatu. Msimamizi ni Bwana Wamae, mtu mpole anayependa kila kitu kikae kilipokuwa. Amenionyesha dawa, rejista, choo. Nikamwuliza vidonda vinafungwa wapi. Akanionyesha benchi la verandani, mbele ya foleni yote. Alikuwa amekaa hapo mwanamke mmoja mchuma chai, amefunua paja lake lenye jipu, amejifunika uso kwa leso ili asiwaone wanaomwona.

Nikauliza habari ya chumba cha tatu. Stoo, alisema. Magunia, baiskeli mbovu, mabango ya zamani. Nikavua koti. Nimetoa magunia kumi na mawili kwa mikono yangu, baiskeli nikaiegemeza kwenye ua, dirisha nikalisukuma mpaka likafunguka. Wale wa foleni waliacha kuongea. Mwanaume mmoja akaja akashika upande wa pili wa meza bila kuambiwa.

"Sista," Bwana Wamae alisema kutoka mlangoni, "hiki chumba kimekuwa stoo tangu nije. Umepewa amri na nani?"

Nilikuwa nimeshamshika yule mwanamke mkono ili aingie. Nikafunga mlango kwanza. Kisha nikamjibu kupitia mbao, kwa sauti ambayo foleni yote iliisikia:

"Sijapewa na mtu. Andika kwamba ni mimi."